Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: jinsi mashine pepe zinavyogawana prosesa ya kompyuta moja

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wanaofungua VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe) kwa mara ya kwanza, wafanyabiashara wanaokodi VPS (seva pepe), na mafundi wanaotunza seva za ofisi. Humu "mwenyeji" ni kompyuta halisi, na "mgeni" ni mfumo endeshi uliowekwa ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu), yaani VM. Maswali yamepewa namba ili jambo lililokwisha kuelezwa lisirudiwe.

## Misingi

1. Mashine pepe inapata wapi prosesa yake?

Kwa mwenyeji. Programu iliyo ndani ya mgeni hutekelezwa na viini vya prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi kila moja peke yake) vilevile vinavyoendesha kivinjari chako na muziki unaousikiliza. Kinachobadilika ni nani anayekishika kiini kwa wakati huo: kwa milisekunde chache anakishika mgeni, kisha programu ya mwenyeji, kisha mgeni mwingine.

Ndiyo maana kazi ya hesabu tupu, kama kubana faili, huenda ndani ya VM kwa kasi iliyo karibu sana na ya kompyuta halisi. Uzito hujitokeza zaidi pale mgeni anapogusa diski au mtandao, au anaposubiri zamu yake. Ukurasa huu unahusu hiyo zamu.

2. vCPU ni nini hasa?

Ni prosesa pepe, yaani nafasi moja kwenye foleni ya prosesa. Kwenye Linux yenye KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) jambo hili unaliona kwa macho. VM nzima ni mchakato mmoja wa QEMU, programu inayomwigizia mgeni vifaa, na kila vCPU ni thredi (mkondo wa kazi) moja ndani yake. Andika `top -H` kwenye mwenyeji anayetumia libvirt (programu ya kusimamia VM) na utakuta mistari yenye majina kama `CPU 0/KVM` na `CPU 1/KVM`, imepangwa pamoja na thredi za programu nyingine zote. Kerneli ya Linux, yaani kitovu cha mfumo endeshi, inazipa zamu kama inavyozipa nyingine.

Kwa hiyo VM yenye vCPU 4 inaweza kuwa juu ya viini vinne kwa wakati mmoja, ikiwa vina nafasi. Hakuna kilichotengwa kwa ajili yake.

3. Laptop yangu ina viini 4. Nikiipa VM vCPU 2, mimi nabaki na viwili?

Hapana. Wengi hudhani hivyo kwa sababu RAM hufanya karibu hivyo: ukiipa VM GB 4 na mgeni akazitumia, hizo GB 4 zimeshikwa. Muda wa prosesa hauwekwi akiba. Mgeni akitulia, viini vyote vinne ni vyako. Akianza kazi nzito anaweza kuchukua hadi viwili, na hapo ndipo mtagombania zamu.

4. Nani anagawa hizo zamu?

Inategemea umeweka nini. Kwenye KVM mgawaji ni kerneli ya Linux yenyewe: tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007 ilitumia utaratibu uitwao CFS, na toleo la 6.6 la mwaka 2023 lilileta EEVDF badala yake. Programu nyingine za kuendesha mashine pepe zina wagawaji wao: VMware ESXi ina wake, Hyper-V ya Microsoft ina wake, na Xen ina wake. VirtualBox ya kawaida kwenye laptop haina. Inategemea ule wa Windows, macOS au Linux uliyo nayo.

Mgeni naye ana mgawaji wake wa ndani, anayegawa vCPU kwa programu zake. Hapa kuna wagawaji wawili wasioonana: wa ndani anaamini ana prosesa halisi, na wa nje hajui ni programu gani iliyo muhimu huko ndani. Matatizo mengi ya sehemu zinazofuata chanzo chake ni hicho.

5. Kwa nini mgeni anaruhusiwa kushika prosesa moja kwa moja? Hawezi kuharibu?

Prosesa yenyewe inamlinda mwenyeji. Intel ilileta VT-x mwaka 2005 na AMD ikaleta AMD-V mwaka 2006. Teknolojia hizi zinaipa prosesa hali mbili za kufanya kazi, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni. Mgeni hukimbia kwa kasi kamili, na akijaribu jambo nyeti, kwa mfano kuzungumza na kifaa, prosesa humtoa na kumrudishia mwenyeji usukani. Mwenyeji hushughulikia, kisha humrudisha. Kila kutoka na kurudi kuna gharama yake, na ndiyo maana programu inayogusa vifaa mara nyingi huumia kuliko inayopiga hesabu.

Kabla ya hapo prosesa za x86 (aina ya Intel na AMD) zilikuwa na maagizo ambayo, yakitolewa na programu isiyo na mamlaka, hayakufanya kazi wala hayakutoa taarifa. VMware mwaka 1999 ililishinda tatizo hilo kwa kuichanganua programu ya kerneli ya mgeni na kuiandika upya papo kwa papo, kazi ya uhandisi ambayo mpaka leo inastahili heshima. IBM nayo ilikuwa imetangaza VM/370 kwa kompyuta zake kubwa tangu 1972.

## Kugawa vCPU

6. Nianze na vCPU ngapi?

Mbili kwa mfumo wenye dirisha na kipanya, moja kwa seva ndogo ya Linux. Kisha pima (swali la 11), na ongeza pale tu vipimo vinapoonyesha vCPU zote zimejaa kazi wakati mwenyeji bado ana nafasi. Kuanza na nane "ili iwe na nguvu" ndiko kunakowaletea watu shida nyingi kuliko jambo lolote jingine kwenye ukurasa huu.

Kwenye VirtualBox, mstari ulio chini ya kidhibiti cha prosesa una kijani kinachoishia kwenye idadi ya viini halisi, kisha unaanza wekundu. Usiingie kwenye wekundu. Mimi ningeacha angalau kiini kimoja cha kijani kwa mwenyeji.

7. Nimeongeza vCPU kutoka 2 hadi 8 na VM imekuwa nzito zaidi. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na sababu ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni kusubiriana. Watu wanne waliokubaliana kusafiri pamoja wanaiacha daladala yenye nafasi mbili ipite, wakati msafiri wa peke yake angeshapanda. Matoleo ya zamani ya ESX (mtangulizi wa ESXi) yalifanya hivyo kwa ukali: vCPU zote za VM moja zilipaswa kupata viini pamoja. Tangu ESX 3 masharti yamelegezwa, lakini hayajafutwa. vCPU moja ikitangulia wenzake mno, husimamishwa mpaka wamfikie, na muda huo huandikwa kama co-stop.

Ya pili ni kufuli. Ndani ya kerneli ya mgeni, vCPU moja hushika kufuli (alama ya kuzuia wengine wasiguse data ileile) kwa muda mfupi sana, na nyingine huizunguka ikisubiri iachiwe, kwa kuamini haitachukua hata mikrosekunde chache. Sasa mwenyeji, ambaye haoni kufuli hilo, anaiondoa kwenye kiini ile vCPU iliyolishika. Wenzake wanaendelea kuzunguka bure kwa milisekunde nzima, wakiteketeza zamu zao bila kazi. Prosesa za kisasa zinautambua mzunguko wa aina hiyo na kumwita mwenyeji, na KVM na Xen zina njia ya mgeni kusema "nasubiri, nilaze". Madhara yamepungua, lakini kadiri vCPU zinavyozidi viini ndivyo yanavyorudi.

Ya tatu ni programu yenyewe. Kama inatumia thredi moja, vCPU saba za ziada hazina kazi ya kuifanyia.

Rudisha ziwe mbili, pima tena, kisha panda polepole.

8. Naruhusiwa kugawa vCPU nyingi kuliko viini nilivyo navyo?

Ndiyo, na karibu kila mtoa huduma anafanya hivyo. Kinachokatazwa mara nyingi ni VM *moja* kupita prosesa zote za mwenyeji. ESXi haikubali kabisa. Jumla ya VM zote inaweza kupita.

Tuseme mwenyeji ana viini 4 na VM 8 zenye vCPU 2 kila moja: vCPU 16 kwa viini 4. Zikiwa seva za ofisi zinazoamka mtu akifungua ukurasa, hakuna atakayehisi kitu. Zote zikianza kazi nzito kwa wakati mmoja, kila vCPU inabaki na robo ya kiini. Hakuna uwiano mmoja unaofaa kwa wote. Uliza kama VM hizo hupata kazi nzito kwa wakati mmoja au kwa zamu. Nakala za akiba zilizopangwa zote saa sita usiku ni mtego wa kawaida, na kuzitawanya kwa saa tofauti hakugharimu hata senti.

9. Prosesa yangu ina viini 4 na thredi 8. Nihesabu nne au nane?

Hesabu nne ukipanga kazi nzito. Kwenye Hyper-Threading, thredi mbili za prosesa, si zile za programu, hukaa ndani ya kiini kimoja na kutumia vitengo vilevile vya hesabu na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ileile. Moja ikisubiri RAM, nyingine hupenya, kwa hiyo kuna faida. Zote mbili zikikaza hesabu, kila moja huenda polepole kuliko ingekuwa peke yake. vCPU mbili zilizoangukia kiini kimoja hazilingani na vCPU mbili zilizo kwenye viini viwili, ingawa mgeni huziona sawa.

10. Nawezaje kuhakikisha VM muhimu haimezwi na nyingine?

Kuna vyombo vitatu, na watu huvichanganya.

*Uzito* hufanya kazi wakati wa msongamano tu. ESXi huanza na hisa 1000 kwa kila vCPU, 500 kwa VM ya daraja la chini na 2000 kwa ya juu. Kwenye Linux faili ni `cpu.weight`, na kiwango cha kawaida ni 100. VM yenye uzito maradufu hupata muda maradufu pale wanapogombania. Kukiwa na nafasi, haibani yeyote.

*Dhamana* ni kiasi ambacho VM haitanyimwa hata kukiwa na fujo. Tumia kwa hifadhidata au simu za ofisi, na kwa uchache.

*Kikomo* ni dari. VM haivuki hata kama mwenyeji amelala. Kuandika `50000 100000` kwenye `cpu.max` ni kuruhusu mikrosekunde 50,000 katika kila 100,000, yaani nusu ya kiini. VirtualBox ina `VBoxManage modifyvm jina --cpuexecutioncap 50`. Kikomo kinafaa unapouza huduma au unapomzuia mgeni mkorofi. Kwingine popote, anza na uzito, kwa sababu kikomo kilichosahauliwa humtesa fundi atakayekuja baadaye akitafuta kwa nini VM ni nzito kwenye seva tupu.

## Kupima

11. Nitajuaje kwamba VM inasubiri zamu?

Ndani ya mgeni wa Linux aliye juu ya KVM au Xen, andika `top` na usome mwisho wa mstari wa tatu:

`%Cpu(s): 58.4 us, 6.1 sy, 0.0 ni, 2.0 id, 0.3 wa, 0.0 hi, 0.2 si, 33.0 st`

Hiyo `st` ni muda ambao vCPU ilikuwa tayari kufanya kazi lakini mwenyeji hakuipa kiini. Hapa theluthi nzima imepotea. Programu yako inatumia asilimia 58.4 na isingeweza kupata zaidi hata ungeiandika upya kwa lugha nyingine. `st` ikikaa kwenye 0 na VM bado ni nzito, shida si zamu: angalia `wa`, maana huenda ni diski. Thamani inayoruka mara moja na kushuka isikutishe. Tazama inayodumu.

Ndani ya VirtualBox usiitegemee `st`. Kwenye ESXi angalia upande wa mwenyeji, kwenye kipimo cha CPU Ready. Grafu ya papo kwa papo hujumlisha sekunde 20, kwa hiyo milisekunde 2,000 kwa vCPU moja ni asilimia 10, kiwango ambacho watumiaji wanakihisi. Kama VM ina vCPU nyingi, gawa jumla kwa idadi yake kabla ya kuogopa.

12. Mgeni anasema prosesa 100%, mwenyeji anasema 25%. Nani mkweli?

Wote. Mgeni mwenye vCPU 1 amejaa, na vCPU 1 ni robo ya mwenyeji mwenye viini 4. Kinyume chake pia hutokea: mgeni anaona 40% huku mwenyeji amejaa, kwa sababu ya VM nyingine ambazo mgeni hawezi kuziona.

13. VM imekaa bila kazi. Bado inakula prosesa?

Kidogo. Mgeni asiye na kazi hutoa agizo la HLT, na thredi ya vCPU yake inalala mpaka kengele ya saa au kifaa kiiamshe. Kabla ya kuilaza, KVM inaweza kungoja hadi mikrosekunde 200 ikitazama kama kazi mpya inakuja, ndiyo maana mwenyeji huonyesha matumizi kidogo hata wageni wakiwa kimya. Mifumo ya zamani kama DOS na Windows 95 haikutoa agizo hilo, ilizunguka tu, kwa hivyo ukiifufua ndani ya VM hukamata kiini kizima.

## Seva za kukodi

14. VPS yangu ya vCPU 2 hukimbia usiku na kujikokota mchana. Nimeibiwa?

Soma mkataba kabla ya kulaumu. Vifurushi vya bei nafuu huwa vya vCPU za pamoja: unashiriki viini na wateja wengine, na mchana nao wako kazini. Chukua `st` (swali la 11) kwa siku chache kwa saa tofauti, tuma namba hizo kwa mtoa huduma, omba uhamishiwe mwenyeji mwingine. Ombi lenye vipimo hujibiwa haraka kuliko "seva iko slow". Kama kazi yako haivumilii kusubiri, kifurushi cha viini vilivyotengwa kinastahili bei yake.

15. Krediti za CPU kwenye AWS (seva za kukodi za Amazon) ni nini?

Ni njia ya kuuza zamu kwa akiba. Krediti moja ni vCPU moja kwa 100% kwa dakika moja. Seva ya t3.micro ina vCPU 2, kiwango chake cha msingi ni 10% kwa kila vCPU, na huingiza krediti 12 kwa saa, ikijilimbikizia hadi 288. Ukiwa na akiba kamili na kuzikaza vCPU zote mbili, unatumia krediti 2 kwa dakika huku ukiingiza 0.2, kwa hiyo akiba inaisha baada ya saa 2 na dakika 40.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Katika hali ya kawaida unabanwa kurudi 10%, na `st` inapanda ingawa hakuna jirani aliyekosea. Katika hali isiyo na kikomo, ambayo T3 huanza nayo usipoibadilisha, kasi inabaki na matumizi ya ziada hulipiwa. Kagua mpangilio huu siku ya kwanza, si siku ya bili.

## Kwenye laptop yako

16. Kuna kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox. Ana maana gani?

Kwamba VirtualBox haiishiki VT-x au AMD-V yenyewe. Hyper-V ya Windows imeshaitwaa, na VirtualBox inapitia mgongoni mwake. VM itawaka, lakini huenda ikawa nzito sana. Hyper-V huwashwa na WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), na vipengele vya usalama kama Memory Integrity. Ukiandika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` kama msimamizi kisha kuwasha upya, kobe huondoka mara nyingi, lakini WSL 2 nayo itasimama. Kobe akibaki, huenda Memory Integrity bado imewashwa. Pima kama unataka kuzima ulinzi huo.

Kama VM haiwaki kabisa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka, uwashe kipengele hicho. Kwenye bodi nyingi za AMD jina ni SVM Mode, na kwenye Intel ni Intel Virtualization Technology.

17. Nimempa mgeni wa Windows prosesa 4 lakini anatumia 1 au 2 tu.

Huenda umempa soketi 4 (yaani prosesa nzima nne) zenye kiini kimoja kimoja. Windows 10 Home hutumia soketi 1 na Pro 2, hata nyingine zikionekana. Badilisha mpangilio uwe soketi 1 yenye viini 4. Kwa mwenyeji hakuna tofauti, zote ni thredi nne.

18. Mac yangu ni ya M1. Kwa nini Windows ya kawaida ni nzito hivyo ndani ya VM?

Kwa sababu hapo hakuna kugawana. Prosesa ya M1 ni ya ARM na haielewi maagizo ya x86, hivyo QEMU hutafsiri kila agizo. Weka toleo la ARM la mgeni, na zamu zitarudi kuwa za kweli kama ilivyoelezwa kwenye swali la 1.

## Kesi za pembeni

19. Nifunge vCPU kwenye viini maalum?

Mara nyingi, hapana. `virsh vcpupin jina 0 2` hufunga vCPU 0 kwenye prosesa namba 2 ya mwenyeji, na kache hubaki na joto. Lakini vCPU hiyo haiwezi tena kuhamia kiini kilicho wazi. Pia amri hiyo haiwazuii wengine kukitumia kiini hicho. Inafaa kwa sauti, michezo na mawasiliano yasiyovumilia kuchelewa, ukiwa umewaondoa wengine pia. Kwenye seva yenye soketi mbili ina faida ya ziada: kila soketi ina RAM iliyo karibu nayo, na VM iliyogawanyika huku na huku hulipa nauli ya kuvuka.

20. Saa ya mgeni inachelewa. Inahusiana na prosesa?

Inaweza. Mgeni asiye kwenye kiini hasikii kengele za saa, na mifumo iliyohesabu muda kwa kengele hizo ilibaki nyuma. Wageni wa kisasa wa Linux kwenye KVM husoma `kvm-clock` kutoka kwa mwenyeji. Ongeza chrony (programu ya kusawazisha saa), na ukiona saa bado inaruka, rudi swali la 11.

21. Jirani kwenye kiini kimoja anaweza kusoma data yangu?

Agosti 2018 ilitangazwa kasoro ya prosesa za Intel iitwayo L1TF, iliyoonyesha kwamba VM inaweza kuchungulia kache ya L1 ya kiini inachoshiriki na wengine. Marekebisho husafisha kache hiyo kila mgeni anapoingia, na kasi hupungua. Hata hivyo hayatoshi pale wageni wawili wasioaminiana wanapokaa kwenye thredi mbili za kiini kimoja kwa wakati mmoja. Wengine waliamua kuzima Hyper-Threading. Linux 5.14 ya mwaka 2021 ilileta njia ya kati: mgawa zamu huhakikisha thredi za kiini kimoja zinashikwa na kundi linaloaminiana tu. Kama unaendesha VM za wateja tofauti kwenye mwenyeji wako mwenyewe, hili liwe kwenye orodha yako ya wiki hii: soma `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/l1tf` uone mwenyeji anasema nini.